Naomba ushauri: mbwa wangu anatawanya kondoo badala ya kuwakusanya, nipangeje siku ya mazoezi?

Mkulima wa Isyonje

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Nafuga kondoo upande wa Isyonje, kando ya barabara inayopanda kwenda Kitulo. Ni wale wa kwetu, wasio na sufu. Watoto wako shule, na vijana waliokuwa wakichunga wameshuka Uyole na Mbeya mjini kuendesha bodaboda. Msimu wa viazi ndio taabu tupu, maana pande zote ni mashamba ya watu. Inabidi nifunge kamba kondoo mmoja mmoja. Akiingia kwenye viazi vya jirani, kesi iko kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nilipata mbwa jike, chotara wa Border Collie, wale mbwa wa kizungu wa kukusanya kondoo, kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anahama. Sasa amefikisha kama mwaka. Akiwaona kondoo anainama, anawakazia macho, ananyata bila kubweka. Nikimwachia tu, anapita katikati ya kundi. Kondoo wanagawanyika, yeye anamkimbilia aliyekwenda mbali zaidi, na wakati mwingine anamdaka mguu.

Jumamosi shemeji zangu wawili wanakuja kunisaidia, tumetenga siku nzima. Natamani jioni ifike akiwa ameshika walau jambo moja. Mliofanya kazi hii, nianzie wapi?

Mzee wa Mufindi

Kamwene, mwanangu. Mbwa wa namna hiyo nimechunga nao kwenye shamba kubwa huku kwetu, na nakwambia huyo wako ana damu ya kazi. Kuinama na kukazia macho hakufundishwi, anazaliwa nako. Kinachofundishwa ni wapi apite na lini asimame.

Siku nzima ni sawa, ila mbwa asikimbie siku nzima. Dakika kumi, kumi na tano zikizidi sana, halafu mfunge kivulini mahali asipowaona kondoo, apewe maji. Akichoka akili anaanza kung'ata.

Asubuhi yote fanya kazi na kondoo, mbwa akiwa amefungwa. Kondoo aliyezoea kamba hajui kutembea na wenzake. Ukimfungua, kila mmoja anashika njia yake. Chagua sita au wanane wapole, waingize kwenye zizi la mviringo, kama hatua thelathini kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mabanzi yanatosha kabisa. Lisiwe na kona, maana kondoo akibanwa konani ataruka au atamvamia mbwa. Wazungushe mwenyewe, polepole, mpaka wajifunze kushikamana. Utaona kila kondoo ana mpaka wake: ukiuvuka anaondoka, ukirudi nyuma anasimama. Ukishaujua mpaka huo wewe mwenyewe, ndipo utamwelewa mbwa.

Sasa hilo la kupita katikati. Bila shaka unamwachia akiwa pembeni yako, kondoo wako mbele. Njia fupi ni ya katikati, kwa nini azunguke? Simama wewe kati yake na kondoo. Shika ufito mrefu, na akitaka kuingia moja kwa moja, unyooshe kuelekea bega lake, msogelee hatua moja. Ufito si wa kumpiga, ni wa kumfungia njia. Atapinda, ataenda kwa nje. Akifika upande wa pili wa kundi, wewe rudi nyuma, kondoo watakufuata wewe huku yeye akiwa nyuma yao. Hapo ndipo anapotaka kuwa kwa asili yake: yeye kule, wewe huku, kondoo katikati. Ukisogea kulia, naye atahama ili awe mkabala nawe. Amri ya upande itamke wakati mwili wake tayari unakwenda upande huo, asikie neno na tendo pamoja.

Kuna jambo moja lazima liwepo kabla ya Jumamosi: alale chini ukimwambia, hata uwe mbali. Lifundishe nyumbani, bila kondoo. Kama hajalishika, Jumamosi ahirisha.

Mama wa Matamba

Mdogo wangu, Mzee kasema vizuri. Mimi naongeza la huku juu: ukungu. Usimtoe mbwa mpaka uondoke wote. Usipomwona mbwa huwezi kumsahihisha, na mbwa mchanga asiposahihishwa anajifundisha mwenyewe.

Halafu angalia hao kondoo unaowachagua. Wasiwe na mimba, mimba ya kondoo ni miezi mitano tu na mbio zinaweza kuiharibu. Wasiwe wenye vitoto pia. Mama mwenye kitoto hakimbii, anageuka, anapiga kwato chini na kumkabili mbwa. Mbwa mzoefu anavumilia. Huyo wako akipigwa kichwa siku ya kwanza anaweza kuwaogopa kondoo kwa muda mrefu sana.

Kijana wa Igurusi

Kaka, kwa nini ujisumbue na mbwa wa kizungu? Babu zetu walichunga na mbwa wa kienyeji, fisi hakugusa zizi.

Mzee wa Mufindi

Kijana wangu, hizo ni kazi mbili tofauti. Mbwa wa kulinda anakaa na kondoo tangu akiwa mdogo, anawaona kuwa ndugu zake, na kitu kigeni kikija anabweka. Wa kienyeji anaifanya vizuri. Namibia tangu 1994 wafugaji wamepewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wawalindie mifugo dhidi ya duma, na lengo ni lilo hilo. Mbwa wa kukusanya anawatazama kondoo kama windo, ila amezuiwa asimalize kuwinda. Ndiyo maana huwezi kumwacha alale nao zizini.

Kizazi cha Border Collie kinarudi kwa dume mmoja aitwaye Old Hemp, aliyezaliwa 1893 kwa Adam Telfer huko Northumberland, Uingereza. Walimpenda kwa sababu alisogeza kondoo kimyakimya, kwa macho. Kwa hiyo huyu jike akinyata bila kubweka, msimlazimishe abweke eti ndiyo ukali.

Daktari wa Mifugo, Njombe

Ndugu, kabla hujamwingiza kwa kondoo, mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Tegu wa mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, kondoo anayala majanini, na aina mojawapo hujenga kifuko kwenye ubongo. Hicho ndicho kizunguzungu mnachokiona, kondoo anazunguka palepale mpaka anaanguka. Mkichinja, kichwa na matumbo mabichi yasiende kwa mbwa, chemsheni sana au fukieni. Aina nyingine ya tegu huleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, kwa hiyo nawa mikono baada ya kumshika.

Chanjo ya kichaa ni kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata kama kuna uchanjaji.

Mkulima wa Isyonje

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Kulala chini ameshika, hata nikiwa ng'ambo ya uwanja. Mzee, mawili tu: shemeji zangu wasimame wapi, na je, nimfunge kamba ndefu?

Mzee wa Mufindi

Mmoja langoni, mwingine upande wa viazi. Wasipige kelele hata kondoo wakiruka. Sauti ni ya kwako peke yako, mbwa akisikia watu watatu hamtii yeyote.

Kamba ndefu nyepesi ni nzuri kwa kipindi cha kwanza, mita kumi hivi, aiburute tu, nawe uikanyage akikataa kusimama. Isiwe na fundo mwishoni, itanasa kwenye mabanzi. Akisimama mara mbili tatu kwa sauti, itoe.

Na ukiona amezunguka kwa nje, kondoo wametulia, wamekuja kwako, muite na umfunge hapohapo, hata kama dakika hazijaisha na shemeji wanataka kuona zaidi. Wape kondoo maji na chumvi. Kipindi cha pili kiwe alasiri, jua likipungua. Jumapili apumzike. Jumatatu rudia yaleyale ndani ya zizi. Huko nje kwenye malisho usimpeleke bado, mpaka awe anazunguka pande zote mbili bila ufito.