Mada: Tunakwenda kukaa shamba, Mtambwe. Wanataka jina la hoteli!

Rukia, Coventry
Assalaam alaykum jamaa. Mwezi wa nane inshallah tunakwenda Pemba, mie, mume wangu na watoto. Hatukai Chake wala Wete, tunakaa kwa mama, Mtambwe, shamba khasa. Sote tuna paspoti za Uingereza. Fomu ya viza nimejaza mtandaoni, penye mwenyeji nikaweka jina la kaka. Majibu yamerudi: tuletee uthibitisho wa malazi. Nikapiga simu ofisi moja, siitaji. Bwana akaniuliza, "Hoteli gani?" Nikamwambia nyumbani kwa mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa huyo mama ana leseni ya kulaza wageni?" Nikacheka, kumbe mwenzangu hafanyi mzaha.

Aliyewahi naomba anambie: barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali pale mtaani, inatosha, au nikodi chumba mtandaoni halafu nikifute?

Khamis, Toronto
Wa alaykum salaam dada Rukia. Chumba cha uongo usikodi, utajitia mashakani bure. Barua ya sheha na nakala ya ZanID ya kaka, kile kitambulisho cha Mzanzibari, basi. Sie mwaka wa juzi tulikwenda kwetu Kengeja na mke wangu wa Kikanada. Sheha tulimkuta bondeni kwenye mpunga, tope mpaka magotini. Barua akaiandikia juu ya paja, muhuri akautoa mfuko wa shati. Tayarisha na dola 50 za viza kila kichwa.

Othman, Muscat
Khamis, 50 si ya kila mtu, mwenye paspoti ya Marekani analipa 100. Na mnaisahau bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni mtu mzima anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44, na bima ya kwenu huko haikuvui. Wenye paspoti za Kitanzania ndio haiwahusu.

Khamis, Toronto
Ami Othman, shikamoo. Rukia yuko Coventry. Wamarekani wameingiaje humu?

Othman, Muscat
Marahaba. Humu wanasoma na walioko Minneapolis. Na hiyo barua yako ya sheha uliipata ukiwa umeshafika, umeshapigwa muhuri wa kuingia. Bibie anaulizwa malazi kabla hajapewa viza. Soma swali mwanangu.

Saada, Odense
Jamani msigombane. Rukia mdogo wangu, pole. Mie nimezaliwa Wete, kitovu changu kimezikwa Wete, na kila nikishuka napanga foleni ya wageni na watalii wenye kofia. Denmark tangu 2015 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwetu ndio hairuhusiwi, ukichukua wa wenzio wa kwenu umekwisha. ZanID yangu ya zamani naiweka kwenye kabati pamoja na picha za harusi. Hiyo Hadhi Maalum, ya sie wenye asili ya kwetu tuliochukua uraia wa nje, tumeisikia miaka nenda miaka rudi. Sawa, lakini kura huna.

Ila kuhusu kukaa shamba, mwandae mumeo. Wangu mie siku za mwanzo alikuwa anauliza "leo tunafanya nini?" mpaka mama mkwe wake akamtia kwenye karafuu. Baada ya isha watu wanakaa barazani kuchambua: unashika kishada, unakibana kwenye kiganja, unakizungusha, karafuu zinaanguka huku, makonyo unatupa kule. Alikuwa pole pole kuliko watoto wa miaka saba, wakimcheka. Vidole vikawa vyeusi, na akaja navyo kazini Odense. Watoto waambie mapema wasikanyage majamvi ya karafuu uwanjani, na wingu likitanda kila mtu anatoka mbio kuanua, hakuna mgeni hapo. Zikilowa rangi inaharibika na bei inashuka.

Kingine, mnunulieni mama umeme wa Tukuza, huu wa kulipia mbele, kabla hamjaanza kuchaji masimu yenu. Usiwaachie wenyeji gharama hiyo, hawatakwambia.

Suleiman, London
Dada Saada umenikumbusha mbali. Siku hizi umeme mnausemea kama maji. Mpaka 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika, Pemba tulikuwa na majenereta, na shamba ni koroboi. Karafuu zetu ndizo zilizojenga nchi hii, sie tukapewa giza. Halafu Januari 2001 waandamanaji wanapigwa risasi, watu wanakimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngarawa. Wengi humu tulipo hapa ni kwa sababu hiyo, tusijidai tulifuata baridi. Leo mtoto wa Mtambwe aliko kaburi la Maalim Seif anaulizwa leseni ya kulala kwa mamaake!

Msimamizi
Suleiman, siasa kuna kundi lake. Tafadhali.

Suleiman, London
Nimeeleza umeme. Umeme nao ni siasa?

Othman, Muscat
Kwa Pemba, ndio.

Khamis, Toronto
Kwa kuwa karafuu zimetajwa: Rukia, mama atakutilia kilo mbili tatu kwenye begi "za zawadi". Usizichukue hivi hivi. Karafuu kavu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuzisafirisha kunataka karatasi. Shemeji yangu walimfungulia begi bandarini mbele za watu, boti inapiga honi, na yeye anasema ni za kutilia pilau. Pilau gani ya kilo nne?

Saada, Odense
Hiyo kweli. Beba mabungo na achari.

Rukia, Coventry
Ahsanteni nyote, mama nimemsomea mpaka machozi yamemtoka kwa kucheka. Kaka anasema sheha yuko tayari kuandika, lakini anauliza aiandikie ofisi gani, na kama iwe na muhuri wa wilaya pia au wa shehia peke yake. Na niipakie wapi, penye barua ya mwaliko au penye malazi? Pale penye malazi fomu inataka faili moja tu.

Othman, Muscat
Muhuri wa wilaya hauna haja.

Khamis, Toronto
Mie ningetia wote wawili. Kuzidisha hakuna ubaya.

Othman, Muscat
Ubaya ni kumzungusha kijana wa watu mpaka Wete kwa karatasi isiyoulizwa. Nauli atalipa nani, wewe?

Saada, Odense
Rukia, ikiwa mnapita Unguja kabla ya kuvuka Mkoani, nina dawa za pumu za shangazi yangu, yuko Mtambwe hapo hapo, jirani na msikiti. Kifurushi hakifiki kilo. Nakutumia Coventry kwa posta, nipe anwani faragha.