Mama kamaliza matibabu ya saratani, tunamkataza hata kufagia. Tunakosea?

Binti wa Mbagala
Habarini wadau, mama yangu ana miaka 58, alikuwa na saratani ya titi, kafanyiwa upasuaji, kemo na mionzi akamalizia hospitali ya saratani ya Ocean Road, tunamshukuru Mungu. Sasa yuko kwangu na kila ndugu ana lake, mjomba kasema asiguse sukari wala wali, shangazi kaleta dumu zima la dawa ya mizizi, mimi nimemkataza kazi zote. Juzi nimemkuta uani anafua khanga zake kwa kujificha, kuniona tu akaanza kulia, "mwanangu, mbona mnanifanya maiti?" Imeniuma mno. Aishi vipi sasa?

Mama Zuhura
Pole mdogo wangu, na mama mpe hongera. Mimi huu mwaka wa sita tangu nimalize. Mwacheni afue! Ule uchovu wa kemo nilikuwa naulalia na ndo unazidi, nikaanza kutembea mpaka kwa muuza mkaa, dakika kumi, napumzika pale kwenye benchi lake halafu narudi. Leo natembea nusu saa siku tano kwa wiki, ndo hizo dakika 150 kwa wiki wanazotuambia kliniki. Ila angalieni mkono wa upande aliopasuliwa kama walimtoa tezi za kwapa, mimi nilijua baada ya bangili kuanza kunibana, kumbe mkono unajaa maji. Kidonda au joto kwenye mkono huo msisubiri, hospitali siku hiyohiyo.

Nesi mstaafu
Habari ya sukari inawatesa wagonjwa wengi sana. Seli zote za mwili zinatumia sukari, ukimnyima mtu wali na matunda unamnyima nguvu yeye. Soda apunguze, na chai isiwe ya vijiko vinne. Apate maharage, dagaa, mayai, mboga za majani, nyama nyekundu isizidi nusu kilo kwa wiki ikiwa imeshapikwa, soseji aachane nazo, pombe na sigara hapana. Uzito mpimeni maana wengi wa saratani ya titi huwa wananenepa baadaye. Hilo dumu weka pembeni kwanza! Kama anameza tamoxifen, vile vidonge vya kuzuia saratani isirudi, hivyo ni vya miaka mitano au zaidi, na kuna dawa za miti zinazogongana nazo au kuumiza ini. Liende kliniki daktari alione. Na tarehe za kliniki asiruke hata akijisikia mzima.

Binti wa Mbagala
Asanteni jamani. Leo tumeenda wote gengeni, kachagua mchicha mwenyewe na kabishana bei, sijamsikia hivyo tangu mwaka jana. Ila nimeangalia mkono, pete haivuki kidole. Nasikia kuna mfuko wa kuvaa wa kubana mkono usivimbe, naupata duka la dawa?

Mama Zuhura
Usinunue kwanza, usiomkaa vizuri unamuumiza. Mpeleke kesho wampime, waambie mnataka kuonana na mtu wa mazoezi ya viungo.