Mrejesho: Tanuri la umeme sasa linachoma kwa gesi

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kama tanuri langu la zamani la umeme, ambalo nyaya zake za joto zilikuwa zimekatika, lingeweza kuchoma vyungu kwa gesi. Linaweza. Fundi wa jua kali wa Kamukunji alitoboa tundu la bana (kichomeo cha gesi) chini ubavuni na la kutolea moshi kwenye kifuniko.

Kilichotusumbua zaidi ni hewa: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni haba kuliko pwani, na mwali ulikuwa wa manjano wenye masizi hadi tulipopunguza tundu la gesi na kupanua njia za hewa. Mtungi nao uligandia barafu, kwa kuwa gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe; kwa hiyo tuliunganisha miwili.

Karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za kwatzi (madini ya mchanga) katika udongo hubadilika umbo, napandisha moto polepole. Glezi ya shaba (mpako wa chungu unaong'aa kama kioo), iliyokuwa ikitoka kijani, sasa hutoka nyekundu ninapobana hewa, na kwangu hiyo pekee ingetosha kuhalalisha gharama. Vali inayokata gesi mwali ukizimika imewekwa, na tanuri liko kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili, kwa sababu ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu.