Tupeane uzoefu: msitu wa kwenu uliisha lini, na wewe ulikuwa na mkono humo?

Mwana Handeni: Wakuu, juzi nilikwenda nyumbani msibani. Basi likanishusha Mkata saa nne usiku, nikachukua bodaboda. Kabla ya kuingia kijijini kulikuwa na msitu tuliouogopa utotoni. Masika ukitumwa uyoga huendi peke yako, mnakwenda watatu na mnaimba njia nzima. Safari hii nikaona taa za kijiji cha pili zinawaka mbele, peupe kabisa. Nikamwuliza dogo, msitu uko wapi? Akajibu bila kugeuka: "Ule? Si mliupika huko Dar." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Karibuni.

Pangaboi: Dogo amekumaliza 😂

Mama Tupo: Mimi mkono ninao, sitajificha. Nauza mkaa wa kopo Mbagala, nimesomeshea watoto wawili. Mteja akifika swali la kwanza ni "wa miti migumu?" Ukimpa wa mwembe anarudi na kopo kugomba. Sasa hiyo miti migumu alidhani inaota sokoni?

Kisiki: Mada hii imenigusa pabaya. Mwaka 2011 nimetoka kidato cha nne na zile sifuri zetu, mjomba akanichukua porini Kilosa kuchoma mkaa. Tulikata myombo na mitundu kwa shoka wiki mbili nzima, tukapanga magogo, tukafunika nyasi na udongo, tukawasha. Tajiri alishatupa hela ya unga, kwa hiyo mkaa ulikuwa wake kabla haujawa mkaa.

Wasiojua: tanuri halilali. Moshi mweupe mzito maana yake kuni bado zinatoa maji. Ukiwa mwembamba wa bluu, mkaa unaiva, na hapo ndipo hatari, kwa sababu tanuri linabonyea. Tundu dogo likifunguka hewa inaingia na mzigo wote unakuwa jivu. Usiku wa nane nikasikia "puu!" Mjomba akapanda juu na jembe kuziba. Nilikuwa nimeshika tochi. Nikaona mguu wa kulia unazama mpaka pajani, taratibu, kama mtu anayekanyaga tope. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Vuta."

Nilivuta. Buti la mpira lilikuwa limegandana na ngozi. Nikamfunga kwenye baiskeli kwa kamba zilezile za kufungia magunia, nikamsukuma hadi zahanati, tukafika kumekucha. Niliporudi nikakuta tanuri limeteketea, nilikusanya nusu gunia. Tajiri alikuja mchana. Aliuliza mkaa kabla ya kuuliza mguu.

Pangaboi: Duh. Pole sana mkuu. Mada ifungwe.

Binti Ruvu: Hapo alitakiwa apakwe asali papo hapo. Porini asali haikosekani.

Dokta Mtaa: Dawa ya meno inasaidia.

Binti Ruvu: Dawa ya meno ni ya meno, ndugu yangu. Maji safi ya baridi kwanza, halafu hospitali. Hata asali naifuta.

Bwana Mabanzi: Pole Kisiki. Ila tusitwishe mkaa kila dhambi. Mtundu ukiukata kisiki kinachipua, ukikiacha miaka kadhaa una mti tena. Anayekuja kulima ufuta anang'oa kisiki na kuchoma moto juu yake. Hapo msitu haurudi. Na wenye ng'ombe nao...

Ng'ombe Mia: Nilijua tutafikiwa. Ng'ombe hana msumeno. Wewe unayepasua mninga usiku na kuupitisha getini kwa kibali cha jana, hebu tuambie wa kwenu uliisha lini?

Bwana Mabanzi: Mbao zangu zina risiti na zimegongwa nyundo ya ukaguzi.

Ng'ombe Mia: Nyundo ya nani?

Ng'wana Ngitili: Acheni ugomvi, njooni Shinyanga. Kwetu miti ilifyekwa tangu mkoloni, kwa kufukuza mbung'o na kwa pamba, mpaka mama zetu wakapikia mavi ya ng'ombe. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza 1986, ngitili (maeneo ya malisho na miti yanayofungwa yapumzike) zilizobaki hazikuzidi hekta mia chache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Na kilichofanyika kwa sehemu kubwa ni kufunga eneo, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi. Baba aliwahi kulipa faini kwa ndama mmoja tu, alinuna mwaka mzima. Leo akikata fimbo pale anaringa kama aliumba yeye.

Ng'ombe Mia: Mnaona? Mfugaji huyo.

Mkaya: Huku kwetu Kwale, Kenya, tuna kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya Kinondo huingii bila kujifunga kaniki nyeusi, na hutoki na hata ukuti. Nikiwa mdogo nilitoka na kijiti cha mswaki mfukoni. Babu alinirudisha nacho magharibi ile ile. UNESCO wameziorodhesha kaya zetu 2008, lakini mimi ninayemwogopa hadi leo ni babu.

Kijana wa Gesi: Dawa ni gesi. Mkakati wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Mama Tupo: Mtungi ukiisha tarehe 20, maharage nayapikia mkakati?

Mshauri Bure: Kilosa hiyohiyo kuna vijiji vilivyopanga mkaa wao. Msitu wa kijiji umegawanywa viplot, unakata kimoja, unaruka kingine, unarudi baada ya miaka 24. Ushuru unabaki kijijini.

Pangaboi: Miaka 24! Mwenyekiti wa kijiji anakaa mitano, na wa kwetu hakumaliza hata hiyo.

Mwana Handeni: Jamani, mimi niliuliza msitu. Kisiki, mjomba anaendeleaje?

Kisiki: Anachechemea. Alirudi porini baada ya miezi saba. Nimempigia sasa hivi kumwambia anasifiwa mtandaoni, anauliza kama kuna anayetaka gunia kumi.

Mama Tupo: Za miti migumu?