Tupeane uzoefu: waliofyonza mafuta ya tumbo huku wana mshono wa zamani

Habari zenu wadau. Mi niko Mwanga, Kigoma mjini, nimezaa kwa operesheni mara mbili, mshono wa mlalo ule wa chini, na juu yake kuna kitambi kinaning'inia hata nikivaa dera kinaonekana. Nataka niende Dar nikafyonze mafuta. Shoga yangu ananambia ukishapasuliwa tumbo huruhusiwi tena, mwingine anasema hamna shida we lipa tu. Waliopitia naomba waseme. Wauza matone ya kukata tumbo mpite kule.

Mama wa Ujiji:
Mi nilishafanya shoga, na nina mshono kama wako. Hawakunikataza ila daktari hakuongelea hela kabla hajalishika tumbo. Akanilaza akabinyabinya, akanisimamisha akaweka vidole kwenye kovu, kohoa, kohoa tena kwa nguvu, alafu akanilaza ety ninyanyue kichwa bila kujishika. Kumbe anatafuta ngiri. Bado akanipeleka ultrasaundi. Maana ule mrija wa kufyonzea mafuta unapita chini ya ngozi na daktari hauoni, anausikia kwa mkono tu, sasa kama pale kwenye mshono ukuta wa tumbo umeachia na utumbo umechungulia kwenye mafuta, mrija unautoboa. Alafu kovu ni gumu, mrija ukiligonga unaweza kuacha njia ukazama ndani. Kwangu palikuwa salama wakafanya, ila kwenye kovu lenyewe walipita kwa adabu sana.

Mzee wa Cheyo, Tabora:
Wanaume pia tupo msicheke. Zamani nilipasuliwa, utumbo ulitoboka kwa taifodi, nina mshono wa kusimama unapita kitovu juu mpaka chini. Pembeni yake kukawa na uvimbe, nikisimama unatoka nikilala unarudi, na mtaani wote wanasema bia hiyo. Daktari wa upasuaji rekebishi akauangalia akasema mzee haya sio mafuta, hii ni ngiri ya mshono, hapa mi sifyonzi. Picha ya CT ikaonyesha utumbo umo humo. Nikawekewa wavu wa kuziba ngiri, na hamu ya urembo ikaishia hapo hapo. Mke wangu mpaka leo ananiita misi Tabora.

Dada wa Mwandiga:
Je waliotolewa kidole tumbo kwa vile vitundu vidogo? Mi kovu langu halionekani kabisa.

Nesi mstaafu:
Useme tu mwanangu, kimoja cha vitundu hivyo huwa kitovuni na ngiri inaweza kutokea hapo. Taja operesheni zote hata ya utotoni, na kama una karatasi za kuruhusiwa hospitali beba, daktari aone ulikatwaje na kama kidonda kiliwahi kuoza, maana kidonda kilichooza ndo mara nyingi huacha ukuta dhaifu. Na wewe mwenye uzi, mtoto wa mwisho ana umri gani? Madaktari wengi wanataka ipite angalau miezi 6 mpaka mwaka. Alafu umesema kinaning'inia. Kama ni ngozi imelegea, kufyonza hakuivuti, unaweza kubaki na mfuko mtupu. Kama misuli imeachana kwa mimba, hiyo inashonwa, haifyonzwi. Na tumbo gumu kama ngoma, mafuta yako ndani kuzunguka utumbo, huko mrija haufiki na usifike. Kinachofyonzeka ni kile unachoweza kukibana kwa vidole.

Mama wa Ujiji:
Nesi kamaliza. Niongeze ya baada, maana hayo hawayapostigi. Siku za kwanza maji mekundu mekundu yanatoka kwenye vitundu, kanga zinalowa, mkanda wa kubana tumbo unauvaa wiki kadhaa na joto letu hili. Na sie wa Kigoma tusidanganyane, usitoke kitandani ukapanda basi la Dar Kigoma, kukaa umekunja miguu safari ndefu vile na umetoka operesheni damu inaweza kuganda mguuni ikapanda kwenye mapafu. Nilikaa kwa dada Mbagala mpaka daktari akaniruhusu, na njiani kila basi likisimama nashuka natembea.

Nesi mstaafu:
Na tumbo likizidi kuuma badala ya kupungua, likajaa, unatapika, homa, au pumzi inakata, usisubiri kliniki ya wiki ijayo wala usimeze panado ukalala, kimbia hospitali kubwa usiku huo huo. Tundu la utumbo linaweza lisijitangaze siku ya kwanza. Na wanaoahidi kutoa lita nyingi kwa mkupuo muwakimbie, ikivuka lita 5 mtu anatakiwa alazwe aangaliwe usiku kucha, sio arudi gesti na bodaboda.

Mwenye uzi:
Asanteni jamani. Mtoto ana miezi minne. Kwa hiyo naanza na ultrasaundi hapa hapa Kigoma, Dar baadae. Bima inalipa?

Mzee wa Cheyo:
Ngiri yangu ililipa. Urembo mama, hiyo ni mfuko wako.