Hukumu ya Kapenguria ya 1953: itenguliwe rasmi au iachwe?

Mwana wa Kitale: Wadau, juzi nilipeleka wanangu makumbusho ya Kapenguria. Binti yangu wa miaka kumi alisimama kwenye seli, akapapasa ukuta, akauliza, "Baba, kwani walikuwa na hatia?" Nilibabaika. Kenyatta na wenzake watano walifungwa miaka saba na kazi ngumu kwa kusimamia Mau Mau, wale waliopigana na wakoloni. Lakini shahidi mkubwa dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alinunuliwa: nauli ya ndege, masomo ya miaka miwili Exeter, Uingereza, na kazi akirudi. Hakimu Thacker naye alipewa pauni 20,000. Korti ikae, ichunguze, ifute hukumu ile kwa maandishi.

Nyuki Mkali: Wote sita wako kaburini, mnamfutia nani? Na Macharia mwenyewe alifungwa kwa kuidanganya mahakama. Mwongo hana siku ya ukweli.

Bi Wanjeri: Nyuki, soma kabla ya kuuma. Macharia hakufungwa kwa uongo wa 1953! Alifungwa kwa ile hati ya kiapo ya 1958, aliposema kwamba alidanganya. Ushahidi uliofunga watu ulipewa zawadi, kuungama kukafungwa pingu. Na unauliza tunamfutia nani? Babu yangu alirudi kutoka kambi ya kizuizini ya Manyani akakuta shamba lake limegawiwa watu. Mpaka leo kuna jirani anayetuambia, "Hawakumshika bure."

Nyuki Mkali: Babu yako sijamgusa, mama. Ninachosema, mnalia ya 1953 na ya 1969 mnayameza. Achieng' Oneko, mmoja wa wale sita, alitiwa kizuizini na serikali ya nani? Ya mwenzake wa Kapenguria, Rais Kenyatta!

Mzee wa Dunga: Hapo umetonesha kidonda. Oneko alishinda rufaa Januari 1954, wakoloni wakakataa kumwachia. Baada ya uhuru akawa waziri, akajiuzulu 1966 akaenda KPU, chama cha upinzani. Vurugu za Kisumu zilipotokea 1969 akarudishwa ndani, hadi 1975. Mtu mmoja, mara mbili.

Mkereketwa: Nilijua tu tutafika kwenye ukabila, Wajaluo na Wakikuyu.

Mzee wa Dunga: Ukabila uko wapi hapo, kijana? Nimetaja miaka.

Bi Wanjeri: Mkereketwa, muombe mzee radhi. Kaggia, naye mmoja wa wale sita, alikuwa Mkikuyu kama Kenyatta, wa kwetu Murang'a, na mwaka 1965 Kenyatta alimsimanga mbele ya umati: wenzako tuliofungwa nao wana mali, wewe umejifanyia nini? Kosa lake lilikuwa kuwadaia ardhi wasio nayo.

Mkereketwa: Ardhi igawiwe bure, nani alipe?

Bi Wanjeri: Babu yangu alishalipa.

Mwana wa Kitale: Jamani, nawaomba turudi. Niliuliza habari ya hukumu.

Mzee wa Dunga: Na binti yako akiuliza ilikuwaje Oneko akarudi ndani, utamwambia mada ni nyingine?

Mwana wa Kitale: Nitamwambia yote, mzee. Ila ya 1953 ina hakimu, ina shahidi, ina faili. Pa kushika papo. Ya 1969 hapakuwa na kesi, korti itatengua nini?

Mzee wa Dunga: Ndilo linaloniuma hilo. Hata karatasi ya kuchana hatuna.