Tumbo lilikatwa, sasa uzito unarudi: aanzie wapi kurekebisha kula?

Mchanga_Mdogo (Chake Chake)
Assalaam alaykum wenzangu. Namuulizia dada yangu. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kukata upande mmoja na kubakisha tumbo jembamba. Huu mwaka wa tatu. Uzito ulishuka vizuri ukatulia, na tangu sikukuu umepanda kilo 6. Kinachomshangaza ni kuwa samaki vijiko vinne vitano tu kashiba, lakini urojo bakuli zima linaingia, na chai na visheti baadaye. Kaambiwa akae siku 5 kwa majimaji matupu ili tumbo lisinyae tena. Ni kweli? Na Ramadhani ikija afanyeje?

Kitoweo_Kwanza
Waalaykum salaam. Siku 5 za majimaji hazisinyazi tumbo. Uzito unaoshuka hapo mwingi wake ni maji, na siku ya sita njaa inakuja na deni lake. Aache.

Jibu liko ndani ya swali lako. Samaki anamshibisha, urojo haumshibishi; basi tumbo bado linafanya kazi. Katika upasuaji ule huondolewa kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi, na kilichobaki hushiba kwa chakula kizito kinachokaa. Chakula laini hakikai, kinateremka utumboni upesi, nafasi inabaki, mtu anaongeza. Tazama bakuli la urojo: rojo la unga, viazi, bajia, chipsi za muhogo, vyote vimeshalowa. Kitoweo humo ni nusu yai na vipande viwili vya mishkaki. Boflo la kuchovya kwenye chai, tambi, uji wa sukari na biskuti vinapita njia hiyo hiyo.

Arudi kwenye protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, labda daktari wake awe kampangia vyengine. Yai moja lina kama gramu 6. Jodari aliyepikwa, gramu 100, ana kama 25. Bilauri ya mtindi (mililita 250) ni 8 hivi, na choroko au maharage yaliyopikwa nusu kikombe ni 7. Andazi moja halifiki popote, na limebeba mafuta.

Apakuliwe sahani yake ndogo pembeni. Sinia la pamoja linamponza, maana hajui kala kiasi gani na mikono ya wenzake inamharakisha. Aanze na samaki, kisha mboga, wali uje mwisho vijiko viwili kama nafasi ipo. Matonge madogo, atafune mpaka yalainike kabisa, mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Wengine kamasi huanza kuwatoka au hushikwa na kwikwi tumbo linapojaa: hapo ndipo pa kuacha, asingoje maumivu.

Na maji asinywe pamoja na chakula. Asubiri nusu saa baada ya kula, kwa sababu maji yanakilainisha chakula na kukisukuma chini. Mchuzi nao ni maji! Samaki wa chukuchuku ni chakula kizuri sana kwake, ila amtoe samaki amle, mchuzi aunywe saa nyengine.

Pwani_Mchangani
Naongeza mawili. Pweza asiyeiva humkwama mtu wa tumbo hili. Achemshwe mpaka uma uingie wenyewe, kisha akatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Nyama, ya kusaga ndiyo salama kuliko mishkaki. Watu wengi huacha kitoweo kwa kuwa kiliwakwama mara moja, wakahamia kwenye laini, na hapo uzito ndipo unapoanzia kurudi.

Pili, mhesabieni sukari ya chai. Vijiko vidogo 3 kwa kikombe, vikombe 5 kwa siku, ni gramu 60 au zaidi, na hakuna anayesema amekula.

Dawa_na_Maji
Kabla ya kulaumu chakula peke yake, tazameni dawa. Insulini, dawa za jamii ya prednisoloni na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo hupandisha uzito. Asiziache mwenyewe, amuulize aliyemwandikia.

Vidonge vya vitamini havina mwisho kwa aliyekatwa tumbo. B12, chuma, vitamini D na kalsiamu, apimwe damu angalau mara moja kwa mwaka. Chuma na kalsiamu vipishane saa 2, maana vinazuiana, na chai isikaribie kidonge cha chuma. Diklofenaki na ibuprofeni za kujinunulia dukani kwa ajili ya mgongo aziepuke, zinachoma tumbo, parasetamoli inatosha.

Akitapika siku kadhaa mfululizo, akaanza kuyumba au kuona vitu viwili viwili, ni hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, na ukichelewa unaacha ulemavu.

Mchanga_Mdogo
Ahsanteni sana. Chai ya vijiko vitatu ndiyo yenyewe, mmemuona! Na la Ramadhani?

Kitoweo_Kwanza
Kwanza daktari wake, hasa akiwa na kisukari. Mwaka wa tatu si sawa na miezi ya mwanzo, lakini ruhusa isidhaniwe.

Tabu ni kwamba kuanzia magharibi hadi alfajiri apate maji lita moja na nusu, na milo mitatu midogo, bila vitu hivyo kugongana. Afungue kwa tende moja na maji mafunda machache, aende akaswali. Tende tatu, juisi ya ukwaju na uji kwa pamoja humwaga sukari utumboni ghafla: moyo mbio, jasho, kuhara ndani ya nusu saa, au sukari kuanguka saa moja mpaka tatu baadaye, mtu akatetemeka katikati ya tarawehe. Akitoka kuswali ale samaki au mayai, muhogo wa nazi kijiko kimoja au viwili. Nusu saa baadaye aanze maji kidogo kidogo. Baada ya tarawehe kitoweo tena, kisha maji mpaka alale.

Daku aamke mapema, saa kumi hivi. Bilauri ya maji kwanza, apumzike, kisha mayai mawili au mtindi mzito usio na sukari, ili asije akalazimika kuyashindilia maji juu ya chakula adhana ikikaribia. Mchana akizungukwa na kichwa au akitetemeka, afungue.